Upande wa Ngazi

Jengo liliporomoka asubuhi, maduka yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, na watu waliokusanyika pale walimshukuru Mungu kwa hilo. Walisema lingeanguka mchana, na wateja wote wale ndani, pangekuwa machinjioni. Sikio hakumshukuru yeyote. Alikuwa amepiga magoti juu ya kifusi, hedifoni zimembana kichwa, na mdogo wake alikuwa huko chini.

Sikio halikuwa jina lake. Wenzake wa kikosi cha uokoaji walimpachika siku aliyokabidhiwa mashine ya kusikiliza, na tangu hapo hata mke wa Afande, mkuu wa kikosi, alimwita hivyo. Mashine yenyewe ilikuwa na vipokezi vidogo, kila kimoja kama kifuniko cha chupa, vya kubandika kwenye zege. Waya mrefu ulitoka hapo hadi kwenye kisanduku alichokipakata, na kutoka kwenye kisanduku hadi masikioni. Mtu akikwaruza ukucha chini ya kifusi, Sikio anamsikia. Ilikuwa kazi isiyohitaji misuli. Ilihitaji mtu asiyejidanganya. Kila mgeni aliyejaribu ile mashine alisikia watu siku ya kwanza tu: alisikia kilio, alisikia kikohozi, wengine walisikia hadi majina yao yakiitwa. Kumbe ni maji yanadondoka kwenye bomba lililopasuka, ni nondo inajinyoosha, ni damu ya msikilizaji mwenyewe inapita masikioni. Kwa hiyo kikosi kilikuwa na kanuni, na kanuni haikuwa na mjadala. Mnagonga, mnajibiwa. Mnagonga tena, mnajibiwa tena. Hapo ndipo unamwambia Afande kuna mtu. Pungufu ya hapo hujasikia kitu, hata kama moyo unaapa.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na jina likamganda hadi akaota ndevu. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma kabisa, chini ya ngazi, mahali ambapo wengine wangeweka mafagio na ndoo. Yeye alipaita ofisini. Muuza chai wa ng'ambo ya barabara alimwona akifungua kufuli, akamtania kwamba leo amewahi kama mwenye deni, naye akacheka akaingia. Birika la chai lilikuwa halijachemka jengo lilipokaa chini kama ngamia. Simu yake ilikuwa haipatikani.

"Toka hapo," Afande alimwambia Sikio alipofika. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na alimfahamu Kitinda. Kombati zake zote zilipanuliwa kiuno na Kitinda. "Hii si kazi yako leo. Nenda kakae na baba yako."

"Nani atasikiliza?"

Mwingine aliyejua mashine alikuwa safarini, na wote wawili walilijua hilo.

"Basi ukizidiwa uniambie," alisema, akapuliza filimbi. "Kimyaaa!"

Injini zikazimwa. Polisi wakanyamazisha umati. Hata watoto walinyamaza. Askari mmoja akagonga zege kwa nyundo upande wa mbele, uliotazama barabara, na kabla Sikio hajavuta pumzi jibu likaja. Ti, ti, ti. Kitu cha bati, chembamba, chenye hasira. Akagonga tena. Ti, ti, ti. Hapakuwa na shaka hata chembe.

"Yupo mtu mbele," alisema, na sauti yake ikatoka vizuri.

Wakahama upande wa ngazi. Sikio alibandika vipokezi mwenyewe, akavipangusia vumbi kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto uso. Nyundo ikagonga. Akasubiri. Ikagonga tena. Akafumba macho, akazuia pumzi hadi kifua kikamuuma. Kulikuwa na ule ukimya mzito wa zege juu ya zege, basi.

Ndipo mhandisi wa manispaa alipokuja na habari mbaya. Sakafu za jengo zilikuwa zimelaliana kama kadi za karata. Ukiinua upande wa ngazi, upande wa mbele unashuka. Ukiinua wa mbele, wa ngazi unabaki ulivyo, ila utasubiri, maana kreni ni moja na magogo ya kutegemeza ni hayo hayo. "Mnachagua pa kuanzia," alisema. "Pande zote kwa mara moja haiwezekani."

"Tukimpata wa mbele, huku tutaanza lini?" Afande aliuliza.

Mhandisi alitazama kifusi, akatazama jua. "Mambo yakienda vizuri, kesho."

*

Baba yao alifika akiwa amevaa koti lake la kuhubiria, vifungo vimekosea matundu. Alikuwa mhubiri kwa miaka yote ambayo Sikio alikuwa hai, na nyuma yake walimfuata wanaume na wanawake kadhaa wa nyumba yake ya ibada, wamebeba ndoo na maji ya kunywa. Alivuka utepe wa polisi kana kwamba haupo. Hakusalimia.

"Kitinda yu hai," alisema.

"Nani kakwambia, Baba?"

"Unajua ni nani."

Sikio alijua, na hilo ndilo lililowatenganisha. Mama yao alipougua, mhubiri aliomba, akafunga, kisha akatoka chumbani uso unang'aa, akawaambia watoto: nimeambiwa atapona. Sikio alikuwa binti wa shule wakati huo, akaamini kama anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Akaacha hata kulala hospitali, kwa sababu ya nini kulala hospitali na mtu anayepona? Mama alikufa Sikio yuko nyumbani anapiga pasi nguo za kumpokelea. Tangu siku hiyo, kila aliloambiwa kuhusu Mungu alilijibu kwa neno moja: nionyeshe.

Walibishana miaka na miaka, mezani, barazani, hata kwenye simu. "Imani inayosubiri ushahidi si imani tena," baba alikuwa akisema, "hiyo ni hesabu ya dukani." Na Sikio alikuwa akimjibu: "Na isiyosubiri ushahidi, Baba, utaitenganishaje na kujidanganya? Mimi kila siku nasikia watu wasiokuwepo. Nikiwaamini wote, nitaua waliopo." Kitinda alikuwa akikaa katikati yao na sahani yake. Yeye nyumba ya ibada alikwenda au hakwenda kulingana na usingizi. "Mimi nawashonea watu suruali hata sijawaona," alisema siku moja. "Mtu ananitumia vipimo kwenye simu, nakata kitambaa. Wengine zinawakaa. Wengine wanarudi wananitukana. Sasa niseme watu hawapo?" Wakacheka wote watatu, na ubishi ukaahirishwa.

Sasa mhubiri alisimama juu ya kifusi.

"Mwanangu, nakuambia nimeambiwa. Nilikuwa njiani, nikaomba, nikaambiwa wazi kabisa: yu hai. Waambie waanze huku."

"Hata mama uliambiwa."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alimwona baba yake akilipokea, akalimeza, akasimama vilevile.

"Ndiyo," alisema. "Hata mama. Sasa sikiliza tena."

Afande aliwapa nafasi nyingine. Filimbi ikalia, mji ukanyamaza, nyundo ikagonga. Na safari hii Sikio alisikia kitu.

Kilikuwa kidogo, kizito, kimefifia, kama mtu aliyeangusha mto sakafuni chumba cha tatu. Alihisi nywele zikimsimama shingoni. Aliinua mkono: tena. Nyundo. Kimya. Tena. Nyundo. Kimya. Tena, tena, aliwaonyesha kwa mkono bila kufumbua macho, na askari akagonga hadi akamtazama Afande. Hapakuja kitu. Palikuwa na damu yake tu inayokwenda mbio masikioni.

Alipovua hedifoni, baba yake alikuwa amemshika mkono wa kombati.

"Umesikia. Uso wako umebadilika. Umesikia!"

"Sijui nilichosikia."

"Ilikuwa nini?"

"Kitu. Mara moja. Inaweza kuwa tofali limelala vizuri. Baba, niachie."

"Sema umesikia." Aliinamisha kichwa hadi mdomo wake ukakaribia sikio la binti yake, na sauti yake haikuwa ya mhubiri tena. "Mwambie yule mkubwa wako umesikia mara mbili. Neno moja tu. Nani atajua?"

Sikio alimtazama. "Baba. Wewe ndiye unayeniomba niseme uongo?"

"Nakuomba uamini!"

"Kuamini ni kwangu mwenyewe, ndani ya kichwa changu. Nikimwambia Afande, kreni inahama. Mle mbele kuna mtu anajibu. Tukiinua huku, zege linamshukia."

"Huyo ana watu wake watakaomlilia," mhubiri alisema. "Sisi wetu ni huyu."

Akasikia mwenyewe alichosema. Akaweka kiganja mdomoni, machozi yakapita katikati ya vidole. Yeye aliyekuwa akifundisha kwamba watu wote ni wa baba mmoja alikuwa amesema hivyo, na hakuyarudisha maneno yake.

Na ukweli ni kwamba Sikio hakuwa amesimama juu ya jiwe lolote gumu. Ulimi wake ulikuwa tayari. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno, nimepata majibu mawili, Afande, hafifu lakini ni mtu, na aliyaona yalivyokuwa mepesi. Afande angemwamini, kwa sababu hajawahi kumdanganya. Si hivyo tu. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, alitamani kuamini kitu kwa nguvu zake zote bila kuonyeshwa chochote, na kila kiungo cha mwili wake kilimwambia kile kishindo kilikuwa Kitinda. Alijua pia kwamba kila mgeni wa mashine huambiwa hivyo hivyo na mwili wake.

"Sikio," Afande aliita. "Nipe neno."

"Mbele kuna mtu."

"Hilo ulishasema. Huku?"

Baba hakuuachia mkono wake.

"Nimesikia kitu mara moja," alisema. "Sijapata jibu."

Afande alitikisa kichwa kwa huzuni, akageuka kwa mwendesha kreni na kuonyesha mbele.

Mhubiri aliuachia mkono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Umemzika ndugu yako kwa mdomo wako," alisema. Akavua koti lake, akalitupa juu ya kifusi, akapiga magoti upande wa ngazi na kuanza kuchimba kwa mikono.

Polisi walitaka kumtoa. Afande akasema mwacheni, mradi asiguse zege kubwa. Baada ya muda watu wa nyumba ya ibada nao wakainama. Wakapanga foleni ya ndoo, wakipitishana mawe na vipande vya tofali. Muuza chai akaacha birika lake akajiunga. Mtu aliyekuwa akipita na mkoba wa ofisini naye akajiunga. Hakuna aliyewaonyesha kitu. Waliona tu mzee anachimba.

Sikio hakujiunga nao. Hakuweza, alitakiwa mbele, kumwambia mwendesha kreni lini asimame na lini aendelee, kwa kufuata ile ti, ti, ti. Kila sauti ya bati ilipomfikia ilimchoma, kwa sababu ilikuwa ya mtu mwingine.

*

Alasiri walimtoa mwanamke. Alikuwa mama wa makamo, muuza vyombo, mweupe kwa vumbi toka utosini hadi unyayoni, na alikuwa bado ameshika upawa wa kugongea. Umati ulilipuka kwa vifijo. Watu wasiojuana walikumbatiana. Mwendesha kreni alilia waziwazi. Sikio aliweka mashine chini, akapita katikati ya furaha ile kama mtu anayepita sokoni bila kununua kitu, akaenda upande wa ngazi.

Baba yake alikuwa bado anachimba. Vitambaa vilivyofungwa mikononi mwake vilikuwa vimelowa damu. Hakumtazama. Sikio aliingia kwenye foleni ya ndoo, akapokea, akapitisha.

Mhandisi alisema magogo yapangwe upya kwanza, la sivyo wangepoteza na waokoaji. Kila walipopumzika Sikio alisikiliza. Hapakuwa na kitu. Alisikiliza wakati watu wamelala wamekaa, migongo imeegemeana. Hapakuwa na kitu. Kulipopambazuka, kreni ikainua zege la mwisho.

Kilichoonekana kwanza kilikuwa rangi. Majora ya vitambaa, bluu, maziwa, kijani ya sare za shule, yalikuwa yameporomoka kutoka kwenye rafu na kujaza kile chumba kama pamba kwenye godoro. Sikio aliyatazama majora yale. Hakuhitaji kuelezwa. Miaka yote ya kazi yake, na hakuwahi kujiuliza mtu akigonga akiwa amezingirwa na vitambaa sauti yake itakwenda wapi. Yule mama alikuwa na masufuria. Kitinda alikuwa na nguo.

Walimkuta ameegemea cherehani. Zege lilikuwa limeacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepondwa, lakini juu ya goti alikuwa ameufunga kwa kipande cha bitana, fundo zuri, la fundi, na kulikaza kwa kalamu ya kuchorea. Mkononi alikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia. Ukingo wa meza ulikuwa umechubuliwa na mpini wake, mahali pengi, pengi sana.

Daktari wa kikosi aliingia kwa tumbo, akaweka vidole shingoni mwa Kitinda, akaviacha pale. Kisha akaweka kiganja kifuani, ndani ya shati. Alipotoka hakuwa na uso wa kumtazama mtu.

"Amekufa," alisema. "Lakini bado ana joto."

"Joto la nini?" Sikio aliuliza.

"Joto la mwili."

"Amekufa lini?"

"Siwezi kukuambia saa, dada."

"Jana? Zege lilipoanguka?"

Daktari alikuwa mtu mwema, na angeweza kusema jana. Alimtazama Sikio, mtu aliyefanya naye kazi katika mafuriko na moto, akashindwa. "Hapana," alisema. "Si jana."

Mhubiri alikuwa amesimama nyuma yao. Alisikia yote. Akaanza kuongea polepole, kama mlevi anayehesabu ngazi za nyumba yake. "Alikuwa hai. Basi niliambiwa ukweli. Alikuwa hai, safari hii niliambiwa ukweli."

Sikio aligeuka. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga.

"Baba, aliyekuambia wewe, kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ndiye niliyekuwa na mashine. Wewe unaamini bila kuonyeshwa, wewe ungesubiri. Mimi ndiye niliyehitaji. Kugonga mara moja tu zaidi, Baba. Huyo Mungu wako alishindwa na vitambaa?"

Mhubiri alifungua kinywa. Watu wake, ambao kwa miaka walikuwa wamemwona akipata neno la kila msiba, walisubiri. Akakifunga, akaenda kuokota koti lake.

*

Kwenye maziko alihubiri mtu mwingine. Mhubiri alikaa mstari wa mbele, mikono yake yenye bandeji imelala mapajani kama vitu vya kuazima. Wafiwa wengine walimkwepa Sikio, wengine walimshika mkono wakasema alifanya kazi yake. Afande alikuja nyumbani kwake siku kadhaa baadaye, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Ulifanya sahihi," alisema.

"Najua, Afande. Ningekuwa nimekosea ningepata pa kushika."

Hakurudi kazini. Maji yakidondoka bafuni alisimama, akagonga ukuta, akasubiri. Jirani akipigilia msumari alitoka mbio. Jioni moja alijikuta ameweka sikio kwenye meza yake ya chakula, anasikiliza mbao. Alitaka kumlaumu mtu, na kila alipomtafuta alikuta ama ni yeye mwenyewe, ambaye alifuata kanuni iliyookoa watu wengi, ama ni Mungu, ambaye hakumwamini. Usingizi ukamkimbia. Chakula kikawa kama udongo mdomoni.

Ndipo ikaja salamu kutoka hospitali: yule mama muuza vyombo anamwomba aende, anataka kumwona kwa macho. Sikio alikataa mara mbili. Mara ya tatu baba yake alimpigia simu. Walikuwa hawajazungumza tangu maziko.

"Nimesikia yule mama anakuita," alisema. "Ukienda, nipitie. Nataka kumwona."

"Umwone wa nini, Baba?"

"Nataka kumwona tu."

Wodi ilikuwa ndefu, yenye madirisha upande mmoja, na yule mama alikuwa kitanda cha karibu na mlango, bega limefungwa, uso una makovu yanayokauka. Alikuwa wa rika la mama yao, kama angekuwepo. Alimvuta Sikio hadi akakaa kitandani, akamshika mkono kwa mkono wake mzima, asiuachie.

"Kumbe ni binti mdogo hivi! Mimi nilidhani ni dume la mtu. Unajua nilikuwa nagonga nini? Sufuria lenye tundu! Nilikuwa nimeliweka kando nimrudishie mwenye kiwanda nimtukane. Sasa sirudishi. Nitalitundika sebuleni." Akacheka, akakunja uso kwa maumivu ya bega, akacheka tena. Kisha macho yakamlowa. "Nilimwomba Mungu alete mtu wa kunisikia. Nikamwambia, mmoja tu, sitaki jeshi. Akakuleta wewe, mwanangu."

Sikio aliuma ulimi hadi akaonja chumvi. Alitaka kumuuliza: na huyo wa nyuma yako alimwomba nani? Alitazama makovu yale, mkono ule ulioshika wake kama mtoto anavyoshika kanga ya mama, akanyamaza.

Baba yake alivuta kiti.

"Mama, pole sana. Naomba nikuulize. Ulipokuwa unagonga, ulijua kuna mtu anasikiliza?"

"Nijulie wapi, mzee wangu? Giza totoro, vumbi hadi kooni. Niligonga kwanza hata filimbi sijaisikia. Niligonga tu."

"Na kama asingekuwepo mtu?"

Yule mama alifikiri. "Ningekufa nagonga," alisema. "Ningefanya nini kingine? Kushona?"

Alikuwa ametania. Hakujua. Lakini aliona jinsi nyuso mbili zile zilivyobadilika kwa pamoja, akatazama mmoja, akatazama mwingine, akaona kwamba wanafanana.

"Na nyie," alisema taratibu. "Mlikuwa na mtu mle ndani?"

"Mwanangu wa kiume," mhubiri alijibu. "Upande wa ngazi. Naye aligonga."

Wodi iliendelea na mambo yake. Mtu alikohoa. Sikio aliuona mkono wa yule mama ukilegea taratibu, ukitaka kujirudisha.

"Basi nilichukua zamu yake," yule mama alinong'ona.

Sikio alimtazama baba yake. Alimkumbuka juu ya kifusi akisema sisi wetu ni huyu, akaogopa atakalosema.

Mhubiri aliinama, akaushika ule mkono kabla haujaondoka, akaurudisha juu ya mkono wa binti yake. Bandeji zake zilikwaruza.

"Hapana, mama," alisema. "Hukuchukua kitu cha mtu. Upone."

Kisha akashindwa kuendelea, akatoka nje.

Sikio alimkuta kwenye benchi la ukumbini, anatazama ukuta. Akakaa kando yake.

"Niulize," baba alisema.

"Sikuulizi kitu, Baba."

"Niulize. Umekuwa ukiniuliza miaka yote, leo unaniacha?"

"Haya. Bado unaamini?"

Alifikiria kana kwamba hajawahi kuulizwa swali lile maishani. "Naamini," alisema. "Ila hatuongei. Asubuhi napiga magoti, nafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Nanyanyuka." Akajipangusa uso kwa kiwiko, maana viganja havikufaa. "Tumenuniana."

Sikio alikaribia kucheka, na kile kicheko kikageuka kikawa kitu kingine kifuani. "Afadhali wewe, Baba. Mimi sina hata wa kumnunia."

"Najua," alisema. "Najua, mama."

Alimwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. Hakumwambia aamini. Sikio naye hakumwambia aonyeshe. Mabega yao yaligusana, wakayaacha yagusane. Mfagizi akafika na ndoo yake, akawaomba wanyanyue miguu apige deki. Wakanyanyua, wote wawili kwa pamoja, na walipoishusha, sakafu ilikuwa bado imelowa.